Ukimaliza Ngwe Yako

Kiswahili chetu cha pwani kina maneno matatu ya kazi ambayo yakiwekwa pamoja yanasimulia historia nzima ya mkoa wa Tanga. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichoshikishwa mtu wa kutwa ili jioni ajulikane kwamba alikuwepo. Hata leo aliyefukuzwa kazi tunasema kibarua chake kimeota nyasi. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30, nafasi moja kwa kila siku ya kazi, na mshahara haukutoka mpaka nafasi zote zijae. Ngwe ni neno la mkulima: sehemu ya shamba anayopimiwa mtu, akishaimaliza ameimaliza, anaweka jembe begani na kwenda zake. Maneno mawili ya kwanza yanamhesabu mtu. La tatu linahesabu kazi.

Nayakumbusha haya kwa sababu siku hizi katika kumbi za mikutano wakuu wa idara wanafundishwa kuongoza kwa matokeo na kumwachia mfanyakazi uhuru wake, na wanafundishwa kama watu wanaopokea mgeni aliyeshuka na ndege jana. Mgeni huyo ni mwenyeji. Mashamba ya mkonge ya Tanga yaliendeshwa kwa kupima matokeo kwa zaidi ya nusu karne, na waliopimwa walikuwa babu zetu. Kumbukumbu yao inatupa onyo ambalo warsha hazilitoi: kupima matokeo peke yake hakumpi mtu uhuru hata kidogo. Uhuru unaletwa na majibu ya maswali mawili, nani anapanga urefu wa ngwe, na muda unaobaki ngwe ikiisha ni wa nani. Ofisi isiyoyajibu hayo, iite mfumo wake jina lolote la kupendeza, itarudia yaliyotokea katika mashamba ya mkonge ya Ngombezi na Magunga.

Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893, pale mtaalamu wa Kijerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Mmea ulikubali ardhi. Shida ikawa watu. Mwaka 1907 utawala wa Wajerumani katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, uliwagawia wanaume wa Kishambaa kadi za kuwalazimisha kuwafanyia kazi walowezi siku 30 katika kila miezi minne, na kadi ya siku 30 ikawa mtindo wa nchi. Walipokuja Waingereza waliikuta na kuiendeleza. Watu wa karibu walipozidi kuukwepa mkonge, wakatafutwa wa mbali: Waha kutoka Kigoma, watu wa Songea, Wamakonde kutoka Msumbiji, watu wa Rwanda na Urundi. Ndio walioitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba, SILABU, ya kuwaandikisha na kuwasafirisha.

Sasa tutazame kazi yenyewe kwa karibu, maana hapa ndipo penye somo. Mkataji anaingia shambani kungali giza, umande ukiwa bado juu ya majani, kwa sababu jua la Korogwe likishapanda mkonge hautamaniki. Anaanza na majani ya chini, anayakata shinani, anaondoa mwiba wa nchani ambao ukimchoma mtu anaukumbuka wiki nzima, anayahesabu, anayafunga tita, anayabeba hadi kando ya njia na kuyapanga. Mnyapara anapita na kuhesabu. Matita yakitimia, siku inaandikwa kwenye kipande. Yakipungua, siku haiandikwi, hata kama mtu alikuwa shambani tangu alfajiri na mikono inamvuja damu. Kwa hiyo kipande, ambacho kwa kukitazama ni karatasi ya mahudhurio, ndani yake kilikuwa na ngwe. Hakuna aliyeuliza mkataji amekaa chini mara ngapi wala ameongea na nani. Waliuliza matita. Mtu wa warsha akionyeshwa shamba lile bila kuambiwa mwaka, angelisifu.

Na kwa kweli lilikuwa na jambo la kusifiwa. Mkataji mzoefu alimaliza kabla jua halijafika utosini, na kuanzia hapo siku ilikuwa yake: alilima kishamba cha mahindi nyuma ya kambi, alishona nguo, alisuka mikeka ya kuuza, alilala. Huo ndio uhuru pekee ambao mfumo ule ulimwachia, na haukuwa mdogo. Lakini wenye mashamba hawakuweza kuuvumilia. Malalamiko ya wakati ule yanajirudia hadi yanachosha: Mwafrika anafanya kazi nusu siku, saa tano unamkuta kambini amekaa. Hakuna aliyesema kwamba matita yaliyoagizwa yamekwisha kupangwa njiani, yamehesabiwa na kuandikwa. Kilichomkera bwana shamba kilikuwa mtu wake kuonekana amepumzika. Na dawa aliyoiona ilikuwa moja, kuongeza ngwe. Aliyekata haraka aliadhibiwa kwa kuongezewa, na kwa kuwa kipimo kilikuwa kimoja kwa wote, aliwaadhibisha na wenzake.

Hapa ndipo mpango wowote wa matokeo unapovunjika, na unavunjika leo ofisini kama ulivyovunjika shambani. Watu hawahitaji shahada ya uchumi kuligundua: ukionyesha unaweza, utaongezewa, kwa hiyo usionyeshe. Ofisa wa mauzo anayefikia lengo la mwezi tarehe 20 anazishika oda za siku kumi zilizobaki azipeleke mwezi ujao. Karani anayemaliza mafaili saa sita anaacha mawili juu ya meza ili aonekane ana kazi. Meneja anawaita wavivu, naye ndiye aliyewafundisha, siku ile alipomtazama aliyemaliza mapema na kumwambia, basi kama umemaliza, msaidie fulani. Wakataji wa mkonge walikuwa na njia zao za kujibu. Walihama kwenda shamba ambalo ngwe yake inasemwa ni nyepesi, au walikiacha kipande kikae bila kujaa. Baadaye wakapata chama. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, chini ya Victor Mkello, kilikuwa na nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiasi cha kuitia wasiwasi serikali ya nchi iliyokuwa imepata uhuru juzi tu, na Januari 1963 Mkello akapelekwa Sumbawanga kwa amri ya kumzuia huko. Chama kilidai mshahara, ndiyo. Lakini kudai mshahara kwa mtu anayelipwa kwa ngwe ni kudai pia ngwe, kwa sababu fedha ile ile kwa matita mengi zaidi ni fedha pungufu.

Kilichofuata baada ya Azimio la Arusha nitakipitia haraka. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967. Mwaka 1970 ukatoka waraka wa Rais wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukawapa wafanyakazi haki ya kuwakemea viongozi wenye kiburi. Walikemea kweli, viwanda kadhaa viligoma kwa jina la Mwongozo. Lakini mabaraza yalibaki ya kushauri. Uzalishaji wa mkonge, uliozidi tani 200,000 mwaka 1964, uliporomoka hadi karibu tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Sitasema utamaduni wa kazi ndio ulioua mkonge. Kamba za plastiki na bei ya dunia zilitosha kuuumiza. Ninachosema ni kwamba katika miaka hiyo yote, chini ya Mjerumani, Mwingereza na shirika la umma, neno la mwisho juu ya matita halikuwa la mkataji.

Turudi ofisini. Utumishi wa umma wa Tanzania ulianzisha mwaka 2004 mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, ule unaojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama OPRAS na kwa Kiswahili kama MWAMTUKA. Kwenye karatasi ulikuwa mfumo mzuri, na nasema hivyo bila kejeli: mtumishi na msimamizi wake wakae mwanzoni mwa mwaka, wakubaliane malengo, wapime katikati, wapime mwisho. Yaani ngwe ya makubaliano, kitu ambacho manamba hakukipata. Ila sote tunajua fomu zilivyojazwa katika ofisi nyingi: Juni, kwa haraka, malengo yakiandikwa baada ya kazi kufanyika, mtu akijipa alama na bosi akitia sahihi bila kusoma. Siku hizi kuna mfumo wa kompyuta, PEPMIS, na huo nao hautaweza kufanya mazungumzo ambayo watu wawili wameyakwepa. Wakati huo huo mlangoni kunafungwa mashine ya alama za vidole. Fomu inamwambia mtumishi anapimwa kwa matokeo, mashine inamwambia anapimwa kwa kidole, na yeye anajua ipi kati ya hizo mbili inakata mshahara.

(Mji wa Tanga una mfano wake wa kidole na matokeo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliingia forodhani kama karani mwaka 1926 na akakaa huko hadi 1944, kisha akatumikia ofisi nyingine za serikali karibu hadi mwisho wa maisha yake. Wakubwa wake walimhesabu mezani. Mashairi na insha zilizompa jina aliziandika kwa muda wake mwenyewe.)

Nikitafuta kipimo kinachofanya kazi katika mkoa huu leo, siendi ofisini, naenda kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Wafugaji wadogo wa Tanga, wengine wana ng'ombe wawili au mmoja, walijiunga katika vyama vyao vya msingi na umoja wao, TDCU, na katika miaka ya 1990 umoja huo ukaingia na wabia wa Kiholanzi kama wenye hisa katika kiwanda kinachoitwa Tanga Fresh. Asubuhi mfugaji anafika na ndoo nyuma ya baiskeli. Mpokeaji anakoroga, anachota, anatumbukiza laktomita, lile bomba dogo la kioo, nayo inaelea. Ikizama kuliko inavyotakiwa, maziwa yametiwa maji. Anachukua kiasi kidogo, anakichanganya na spiriti kwenye kikombe, anatikisa. Yakiganda, yamechachuka, yanarudi nyumbani. Yakipita, lita zinaandikwa. Mfugaji amesimama pale pale, ameiona laktomita ikielea kwa macho yake. Hajaulizwa ameamka saa ngapi, amekamua nani, mkewe au mwanawe, wala jana alikuwa msibani au harusini. Mambo hayo ni yake.

Kituo kile kinanivutia kwa sababu kipimo kinaonekana na pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mnyapara alihesabu peke yake na neno lake likawa la mwisho. Ofisi nyingi hupima kama mnyapara: meneja ana moyoni picha ya mfanyakazi mzuri, na mfanyakazi anaijua picha hiyo siku anaponyimwa kupanda cheo. Laktomita haina moyo. Ikikosewa, inaweza kupimwa upya mbele ya mwenye ndoo. Najua utaniambia mfugaji si mwajiriwa, ni mwenye mali. Kweli. Lakini anayelipwa mshahara naye ana haki ya kuona laktomita ikielea, na kuligawa lengo la idara katika sehemu zinazohesabika mbele ya watu wote ni kazi ya mchana mmoja.

Wanaopinga hoja hii wana sauti kubwa na baadhi yao wana sababu. Wa kwanza husema mtu asiposimamiwa hulala. Hao nawaomba wafike kwa wavuvi wa Deep Sea au Kigombe vyombo vinaporudi. Mavuno yakishauzwa yanatolewa gharama, mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki kinagawanywa mafungu, chombo na nyavu zina fungu lao, nahodha na mabaharia yao. Mgawo unatofautiana bandari hadi bandari, lakini kila mtu chomboni anaujua kabla ya kung'oa nanga. Hakuna daftari la mahudhurio, na bado anayechelewa anaachwa, kwa kuwa maji yakitoka hayamsubiri mtu, na mvivu hugunduliwa na wenzake usiku wa kwanza kwa sababu anakula katika fungu lao. Usimamizi upo, tena mkali. Umehama tu kutoka kwa mnyapara kwenda kwa wenye kazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na pwani hii inalijua kwa majina. Ukitaka matokeo tu, utayapata, kwa njia yoyote. Uvuvi wa baruti ulikuwa uongozi wa matokeo ulio safi kabisa: mlipuko mmoja, samaki wanaelea, kazi imekwisha kabla ya chai. Miamba ya Tanga ililipia. Ndiyo maana kuanzia 1994, katika mradi wa hifadhi ya pwani uliosaidiwa na Ireland na shirika la IUCN, vijiji vilikaa na serikali kupanga miamba ipi ifungwe, nyavu gani zitumike, nani afanye doria. Baruti haikwisha siku ile, iliendelea kusumbua miaka mingi baadaye, lakini kanuni iliyotafutwa ilikuwa sahihi: hesabu ya samaki wa leo lazima iingize na hali ya mwamba. Ofisa wa mikopo anayepimwa kwa idadi ya mikopo aliyotoa, bila kuangalia irejeshwe au isirejeshwe, anavua kwa baruti. Mwalimu mkuu anayepimwa kwa asilimia ya waliofaulu, akawazuia wanafunzi dhaifu wasifanye mtihani, naye vilevile. Lawama imwendee aliyetengeneza kipimo chenye jicho moja.

Wa tatu husema kuna kazi zisizo na ngwe. Muuguzi wa zamu katika hospitali ya Bombo hawezi kusema nimemaliza wagonjwa wangu, naondoka saa tano. Mlinzi hali kadhalika. Nakubali, na sioni aibu kukubali: katika kazi hizo kuwepo ni sehemu ya matokeo. Lakini hata hapo uhuru una mahali pake. Wauguzi wa wodi moja wakiachiwa kupanga zamu zao wenyewe, kwa sharti moja tu kwamba wodi isibaki bila idadi inayotakiwa ya watu wenye ujuzi unaotakiwa, watapangana vizuri kuliko karani aliye ghorofa ya pili asiyejua nani ananyonyesha na nani anasoma jioni. Na hata kwenye mkonge, korona, mashine inayokamua singa, inahitaji majani mabichi, yakikaa yanakauka na kuharibika. Kiwanda lazima kijue trekta litapakia lini. Saa ya kupakia ni ya wote. Saa ya kukata si lazima iwe ya wote.

Wengine wananiletea sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 kwa wiki, nao wanaisoma kana kwamba mtu asiyekaa saa 45 ameiba. Isomwe tena. Saa zile ni ukomo wa kumlinda mfanyakazi asimalizwe nguvu. Ni dari, na wao wameigeuza sakafu. Sheria hiyo hiyo inaruhusu chama cha wafanyakazi na mwajiri kuandikiana mkataba wa hali bora, na sijui kwa nini mikataba mingi inazungumza posho na likizo tu, ikauacha ukubwa wa ngwe nje.

Pingamizi ambalo sina jibu jepesi ni hili: uhuru unaweza kuwa jina zuri la kumtwisha mfanyakazi hasara. Kampuni ya Katani, iliyochukua baadhi ya mashamba ya mkonge wakati wa ubinafsishaji wa mwaka 1998, iliyagawa maeneo kwa wakulima wadogo walime, wakate, na kulipwa kwa singa. Kwa mtu ambaye babu yake alikuwa namba, kugawiwa eneo lake la mkonge lilikuwa jambo kubwa. Lakini mkonge unachukua karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kwa hiyo mkulima alianza na mkopo. Jani lina singa asilimia chache tu, kwa hiyo lori kubwa la majani linazaa hesabu ndogo. Na hesabu hiyo ilifanyika kiwandani, mbali na macho yake. Malalamiko ya makato na madeni yalifika hadi serikalini. Alikuwa huru kuamka saa aitakayo, lakini laktomita yake ilikuwa chumba kingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwepo, ila mwenye mali hakulishika.

Marekani nako kampuni ya Best Buy iliwahi kuwaachia wafanyakazi wa makao makuu wajipangie saa na mahali pa kazi wapendavyo, mradi kazi ifanyike, ikasifiwa sana. Mwaka 2013, biashara ilipokuwa ngumu, uongozi mpya ukaufuta mpango huo. Nao ulikuwa uhuru wa hisani, na hisani hurudishwa ghalani mvua zikikosekana. Ndiyo sababu nasisitiza maandishi. Kilicho ndani ya mkataba wa hali bora hakifutwi na bosi aliyeamka vibaya.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na ofisi nyingi za Tanga zitafungua malengo mapya siku hiyo. Mkuu wa idara, kabla hujayaandika peke yako, waite watu wako na daftari. Pimeni ngwe pamoja, mwandike itapimwaje na nani atashuhudia, mwandike pia kwamba haitaongezwa kabla ya Juni kwa sababu tu fulani amekuwa hodari. Kisha utakapomkuta mtu amemaliza saa nane na anachukua mkoba wake, mwage kwa salama.